Jicho la Kushoto la Mzee Tulia

Mheshimiwa Mkurugenzi wa makumbusho yetu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na wewe wifi yangu uliyeketi hapo mbele na leso tayari mkononi: hamjambo?

Nimeombwa nimuage mpiga picha wetu, kaka yangu wa kazini, ambaye jina lake la kwenye mshahara wengi wetu hatulijui, maana kwa kutuambia "tulia, tulia" kila mara kabla ya kubonyeza, amebaki kuwa Mzee Tulia. Mimi ni mchapaji wa picha zake. Yeye huleta kipepeo ndani ya kamera, mimi humhamishia kwenye karatasi. Yule wa bluu mwenye pindo la rangi ya chungwa, anayewapokea wageni pale mlangoni, ni kazi yetu sisi wawili, na nisipojisifu leo nitajisifu lini?

Lakini je, mnajua mpiga picha mwenye kamera kama yake huona nini pale anapobonyeza? Haoni kitu. Kioo cha ndani huinuka, jicho hupigwa giza, na kile mnachokitazama ninyi ukutani ndicho hasa asichokiona yeye. Siku zote alikuwa akisema, "Nitamwona vizuri nikifika ofisini." Majuto ni mjukuu, ndugu zangu. Mwaka huu jicho lake la kulia, lile la kamera, limezimika. La kushoto, alilolifumba maisha yake yote ya kazi, bado linaona, ila daktari amesema nalo linafuata, na kamera haina lawama.

Ndipo akatamani jambo moja tu: amwone kipepeo yule akiwa hai, kwa jicho tupu, angali anaweza. Tukaenda watatu, yeye, wifi na mimi, hadi kwenye kijito kilekile alikompigia picha. Asubuhi wifi alikuwa amemwambia, "Kamera inabaki nyumbani, baba watoto." Akanung'unika njia nzima kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Tukachutama kando ya tope. Kipepeo akaja, akatua, mabawa ameyakunja, huwezi kumtofautisha na jani kavu, kwa sababu uzuri wake wote uko upande wa ndani. Tukangoja wingu lipite. Mzee akanong'ona, "Namwona. Tulieni." Jua likatoka, mabawa yakafunguka.

Alifanya nini kaka yangu? Alinyanyua mikono yote miwili hadi usoni, mitupu kabisa, akafumba jicho la kushoto, akabonyeza hewa.

Wifi akamgusa bega. "Baba watoto, fumbua jicho." Alipolifumbua, kipepeo alikwisha kwenda. Kweli mazoea yana taabu. Tulikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi, na hakurudi. Garini akaniuliza taratibu, "Hivi mdogo wangu, bluu yake hasa ni ya namna gani?" Na mimi niliyeichapa bluu ile mara nyingi kuliko mtu yeyote nikamwambia ni nzuri. Neno hilo linaniuma mpaka sasa, kaka, maana ulistahili jingine na sikuwa nalo.

Mvua zimeanza, vipepeo wale wametoweka hadi msimu ujao, na kwa msimu ujao daktari hatuahidi kitu. Mtu aliyetuonyesha sote rangi zile ataondoka kazini bila kuziona zikiwa hai. Wengine husema hotuba ya kuaga iwe ya furaha. Mimi furaha hiyo nimeitafuta nikaikosa.

Mheshimiwa Mkurugenzi, niwie radhi. Kwenye ratiba palikuwa na picha ya pamoja, nami nimeifuta bila kukuuliza. Ndugu zangu, simu zirudi mifukoni. Mtakapokuja kumpa mkono, piteni mmoja mmoja upande wake wa kushoto, msogee karibu mpaka awaone vizuri, wala msiwe na haraka ya kuondoka. Nuru iliyobaki katika jicho lile ni kidogo, na ningependa itumike kwa nyuso zenu.

Asanteni kwa kunitegea sikio. Kaka, watu wanakuja. Fumbua jicho.