Mbio za Damian za Kumchangia Theopista

Mwaka ule sukari ilikuwa ya kusikia tu, kwa hiyo pale Masumbwe, kwenye benchi la mbele ya duka la Jashvant, kahawa ya Ebrahim ilinywewa kwa karanga zangu. Nilizikaanga alfajiri, nikazifunga kwenye karatasi, nikakaa pembeni na mwanangu mgongoni. Maganga, tuliyemwita Ramani kwa kuzijua njia ambazo hajawahi kupita, kila siku aliniachia upande wenye kivuli, akajifanya anapenda jua. Jumatatu ile alikuwepo yeye, Telesphori mwenye redio, yaani Idhaa, na Ansgar, aliyeitwa Dokta kwa sababu aliwahi kufagia zahanati. Walikuwa wakibishana juu ya mbio za Damian.

Theopista, fundi cherehani wetu, alikuwa na saratani ya titi. Hospitali walisema afikishwe Dar es Salaam kabla ya mwezi kuisha, na nauli hakuwa nayo. Ndiye aliyemshonea mwanangu gauni la ubatizo, na nilipomlipa akasema leo macho yake hayaoni pesa. Sasa Damian, mpiga kengele wa kanisa, alisikia kwenye redio ya Idhaa kwamba Ulaya watu hukimbia maili ishirini na sita, na wanaowatazama huwachangia wagonjwa wa saratani. Akaapa kukimbia mpaka Ushirombo. Jumamosi akaondoka, kaptula nyeupe, mfuko wa michango shingoni.

Lakini kwetu mtu mzima hakimbii barabarani bure. Ukimwona anakimbia, ujue ng'ombe wameibwa. Unapiga mwano, lile yowe la hatari, unachukua fimbo na kukimbia naye. Sababu utaiulizia mbele. Kijiji cha kwanza waliungana naye watu kumi. Cha pili wakatoka na pinde. Damian alipogeuka na kuona mishale, akaongeza mwendo. Wao walipoona ameongeza mwendo, wakajua wezi wako karibu. Mwishowe alijitupa kwenye shamba la pamba, akalala kifudifudi. Wakampita, wakaendelea kuwafukuza wezi. Mfuko ulirudi mtupu.

— Kosa ni kaptula, alisema Idhaa. Baba mzima na kaptula, lazima pana jambo.

Ramani akasema kosa ni njia. Angepita porini.

— Na porini nani atamchangia? alisema Idhaa. Fisi?

— Fisi naye akitoa kidogo si haba. Haba na haba hujaza kibaba.

Dokta akafikiri, akasema kitaalamu dawa ni Damian akimbie kinyumenyume, maana yeye Dokta hajapata kuona mwizi wa kinyumenyume. Idhaa akamwuliza atauonaje mto. Yeye Idhaa alitaka Damian abebe mlango kichwani, kwa sababu anayehama hafukuzwi na mtu. Ramani akasema mlango ni mzito, heri apande baiskeli.

Ebrahim akauliza taratibu kama hizo bado zitakuwa mbio.

— Miguu si inazunguka? alisema Ramani. Unataka nini tena?

— Mwenda pole hajikwai, alisema Dokta.

— Ndiyo maana hafiki, alisema Idhaa.

— Basi alazwe kwenye machela, akasema Ramani. Wakimbie wabebaji wanne, yeye apunge mkono tu.

Nilicheka mpaka mwanangu akaamka. Hapo ndipo tukamwona Apolonia, mama yake Theopista, anakuja na furushi kichwani. Alitoka Bukombe kumuuguza bintiye, na alikuwa amekuja kusikia mbio zilikwendaje. Wote watatu wakasimama kumwamkia. Dokta akampa kikombe chake ambacho hakuwa amekigusa, nami nikampisha kivulini. Idhaa akamsimulia, akiiruka ile habari ya mishale ili asimtie hofu.

Apolonia alitafuna karanga moja polepole.

— Hao waliokimbia naye walikuwa wengi?

— Wanafika mia, mama.

— Na waliacha majembe yao bila kujua wanakwenda kumsaidia nani.

— Ndivyo, mama.

— Sasa nani aliwaambia kwamba ni Theopista?

Idhaa akashika kitufe cha redio, asiiwashe. Dokta akatazama miguu yake. Ramani, ambaye kwa kila swali alikuwa na njia mbili, akaanza kuokota karatasi za karanga. Ebrahim akamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikamwagika.

Apolonia akajifunga kanga vizuri kiunoni, akajitwika furushi lake.

— Mwambieni Damian Jumamosi akimbie tena, na asijifiche kwenye pamba za watu. Mwano nitapiga mimi, kwa jina la mwanangu.