Msichana Aliyetolewa Kwenye Picha ya Bendi

Padri Taras, ndugu waombolezaji, majirani wa Dunmere, nanyi mliosafiri tangu alfajiri juu ya barafu kuja kumsindikiza marehemu, mimi ni Orest Hryciuk, mdogo wake, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya maisha yake, kazi ambayo ningefurahi apewe mwingine, na kabla sijamaliza mtajua kwa nini.

Verna Sawka, mtoto wa kwanza wa marehemu Petro na Olena Hryciuk, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika nyumba ya shambani, kilomita kumi na moja kaskazini mwa mji huu wa Dunmere, Saskatchewan, wiki ambayo theluji ilifunga barabara, hivyo mkunga alikuwa bibi yetu mzaa baba. Alianza shule mwaka 1957 katika shule ya chumba kimoja, akamaliza sekondari hapa mjini mwaka 1969, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Saskatchewan, tawi la Regina, ambako alihitimu ualimu wa muziki mwaka 1973, na Septemba ya mwaka huohuo akaajiriwa katika shule yetu, ambayo hakuiacha hadi alipostaafu Juni 2013.

Alikuta zumari tatu, ngoma moja iliyopasuka na watoto wa wakulima ambao hawakujua kusoma nota hata moja, akawatengenezea bendi, na waliopita mikononi mwake wanakumbuka kwamba hakupenda mtu apige peke yake kwa ustadi huku wenzake wamepotea, alikuwa akigonga kinara cha nota kwa kalamu na kusema, "Wewe umeshafika, haya, rudi uwachukue wenzako." Tarehe 19 Agosti 1978 alifunga ndoa katika kanisa hili na Walter Sawka, dereva wa gari la kuondoa theluji barabarani, aliyefariki mwaka 2003, na Mungu akawajalia binti mmoja, Lesia, aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye anaishi Winnipeg na yuko nasi hapa mbele.

Mwaka 2004 vipindi vya muziki vilipunguzwa hadi siku mbili kwa wiki, na ili atimize saa zake za kazi akapewa somo la kuhariri picha kwenye kompyuta kwa wanaoanza, yeye ambaye alikuwa hajawahi kushika kipanya. Alijifunza usiku kilichotakiwa kufundishwa asubuhi, na wanafunzi walimtania mpaka akazoea, siku moja mmoja wao akamwambia, "Mwalimu, umemkata kichwa mkuu wa shule," naye akajibu bila kugeuka, "Mwacheni hivyohivyo hadi Ijumaa." Baada ya miaka miwili alikuwa amelipenda somo lile, akiwaonyesha watoto namna ya kung'arisha uso uliokuwa kivulini, kunyoosha picha iliyopinda na kuondoa waya uliopita mbele ya mlima.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kupita haraka, lakini marehemu amenikataza.

Tarehe 10 Mei 2008 bendi ya shule, watoto kumi na tisa, ilishinda tamasha la shule ndogo mjini Saskatoon, wakapigwa picha kwenye ngazi za ukumbi, na katikati ya safu ya pili alisimama msichana wa miaka kumi na sita aliyepiga tromboni, Delphine Laroque, aliyelelewa na bibi yake upande wa pili wa reli, mmoja wa Wamétis wachache katika shule yetu, wale wenye asili ya wenyeji wa nchi hii na Wafaransa. Wiki nne baadaye tarumbeta ya fedha, iliyotolewa zawadi na familia moja ya hapa, ilipotea kabatini, na kwa kuwa Delphine ndiye aliyeaminiwa kushika ufunguo, watu wakamnyooshea kidole yeye. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule. Verna alinijia nyumbani, akaniambia kwamba Delphine alimrudishia ufunguo siku ya Alhamisi, na siku ya Ijumaa yeye mwenyewe aliiona tarumbeta mahali pake, nami nikamjibu, "Dada, umri huo mtu husahau siku." Tarehe 12 Juni tulikaa dakika ishirini, bibi wa Delphine amesimama mlangoni ameshika kofia yake kwa mikono miwili kwa sababu hakuna aliyempa kiti, tukamfukuza mjukuu wake shule. Marehemu alikuwa mle ndani, na hakusema neno.

Siku tano baadaye ile picha ilikuwa iwekwe kubwa kwenye ukumbi wa kuingilia, na familia iliyotoa tarumbeta haikutaka kumwona Delphine ukutani, hivyo nikaenda darasani kwa dada yangu baada ya masomo.

Nikamwambia, "Verna, mtoe yule msichana."

Akasema, "Alikuwepo, Orest. Alipiga vizuri kuliko wote."

Nikasema, "Bodi inakaa Jumatatu kuamua kama bendi ibaki au ifutwe. Amua wewe unataka nini."

Akakaa, nami nikasimama nyuma ya kiti chake kwa dakika arobaini nikimtazama akinakili kipande cha ngazi na kukibandika juu ya uso wa mtoto yule, akawasogeza wenzake bega kwa bega, mpaka nafasi ikajifunga kama vile hapakuwahi kuwa na mtu. Nilimwambia, "Kazi safi," naye akasema, "Usinisifu, toka nje." Bendi ilibaki. Tangu siku hiyo, wanafunzi walipomwomba awafundishe kumwondoa mtu kwenye picha, aliwaambia watafute vitabuni, yeye hafundishi.

Agosti 2014 familia ile iliuza gari lao la kulala wakati wa kupiga kambi, na chini ya kitanda kilichomo ikaonekana tarumbeta, ambayo mtoto wao alikuwa ameichukua kwenda kufanya mazoezi likizoni, akaogopa kusema. Baba mtu aliniletea habari, nami nikamwomba tuliache jambo lipoe, kwa sababu mwezi uliofuata nilikuwa nagombea tena uenyekiti wa bodi. Verna aliisikia dukani miaka miwili baadaye, akaja kwangu, hata koti hakuvua, akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia. Akasema, "Basi sisi wawili hatuna tofauti," akaondoka, na tangu hapo kwa mwaka mzima hakuja kula kwangu.

Aliendesha gari hadi mji wa Prince Albert, alikokuwa Delphine, mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, akamweleza yote akiwa amesimama kwenye baraza. Delphine alimsikiliza, kisha akamwambia, "Mwalimu, kwamba sikuiba najua mwenyewe. Nilichotaka kujua miaka yote hii ni kama na wewe ulijua."

Marehemu akasema, "Nilijua."

Delphine akasema, "Afadhali ungedhani mimi ni mwizi," akafunga mlango.

Verna alirudi mara ya pili, mlango haukufunguliwa, mara ya tatu akaingizwa jikoni akapewa chai, bila kuambiwa kwamba amesamehewa, na kwa kadiri nijuavyo hakuwahi kuambiwa. Februari 2017 alisimama mbele ya bodi, mwanamke wa miaka sitini na mitano, akataja alichokinyamazia na alichokifanya kwa mikono yake, akadai Delphine aandikiwe barua ya kusafishwa jina, nayo iliandikwa, mistari minne. Mimi nilikaa nyumbani siku hiyo, nikasema nina mafua. Kesho yake aliitundika mwenyewe picha ya watoto kumi na tisa, na majina yao wote chini yake.

Aprili 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa Saskatoon na baadaye nyumbani, na amefariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi na moja alfajiri, Lesia akiwa amemshika mkono. Wiki tatu kabla alinipa maelezo ya historia hii, nikamwomba asome Lesia, akasema, "Utasoma wewe, na usiruke." Juzi nilimpigia simu Delphine kumwomba ruhusa ya kutaja jina lake, akanijibu, "Taja. Nitakuwepo, nisikie kama utapunguza." Ameketi safu ya nne, karibu na dirisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Saskatoon, muuguzi Ingrid aliyekuja nyumbani hata siku za tufani, majirani waliomwondolea theluji mlangoni bila kuombwa, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani watakaopiga tukielekea makaburini, na akina mama wa parokia waliotuandalia chakula ukumbini, ambacho wote mnakaribishwa kula.

Delphine, nilijua miaka miwili nikanyamaza, na kabla ya hapo sikutaka kujua. Naomba radhi mbele ya watu hawa, na marehemu bibi yako namwomba pia. Sidai jibu.

Verna, dada yangu, wewe ulikwenda ukagonga mlango. Pumzika sasa, aibu iliyobaki ni yangu.