Kilima Kisicho na Mtu

Pale Kadutu, mtaa wa Waafrika juu ya mji, mwaka wa hamsini na sita, nyumba za mtaa mpya wa Bagira zikiwa bado zinapakwa chokaa, Mama Euphrasie alikuwa na birika lake la kahawa, na mbele ya birika benchi. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya mawe mawili. Mwenzako akisimama bila kuaga, wewe unajikuta chini. Kahawa ilikuwa chungu, na maneno ya pale yalikuwa machungu kuliko kahawa. Donatien, aliyefagia tribunali miaka saba, walimwita Avoka, yaani wakili. Floribert, boyi-shofera, utingo wa lori la Uvira, walimwita Kilometa. Asubuhi hiyo akafika Placide, bahasha mkononi, uso umekunjamana kama shati la juzi.

Huyu Placide alikuwa akiosha picha katika chumba cha giza cha duka moja mjini. Bwana wake alipomwachia kisanduku cha zamani cha kupigia picha, alipanda nacho kilimani kwa mama yake akapiga mandhari: migomba, mteremko, ziwa, mawingu. Akapeleka nakala mbili kwa chama cha wazungu wanaopima picha za watu. Hakutafuta zawadi. Alitaka tu mtu anayejua amwambie jicho lake lina thamani gani.

Jibu lilirudi limeandikwa kwa kalamu ya risasi nyuma ya picha. Akipanda kutoka mjini alisoma yale maneno ya kwanza mara nne, moyo ukimcheka: mwanga mzuri. Mara ya tano ndipo alipofika mwisho, na hasira ikampata.

— Soma tena pale pa mwisho, Avoka akamwambia.

— Anasema, uzuri kuliko yote, hakuna mutu. Nchi tupu, inangojea mikono.

— Na migomba? Ilijipanda yenyewe, sawa uyoga?

Placide akawaeleza lililobaki. Nakala ya pili, waliyoibakiza wao, itatundikwa Jumapili katika ukumbi wao, na wakubwa wa mashamba ya kwinini watakuja kuitazama. Nao wale wanatafuta ardhi. Kwenye kilima cha jirani watu wa kupima walishapita na minyororo yao wiki mbili zilizopita. Kilichobaki katikati ni kijito na shamba la mama yake.

Kisha Kilometa akasema kosa si la mtu, ni la dawa. Alisikia Uvira kwamba ile karatasi ya picha inapakwa kitu kilichotolewa katika mifupa ya ng'ombe wa Ulaya.

— Sasa ng'ombe wa Ulaya, mjomba, atatujulia wapi? Anaona majani tu.

Placide aliijua dawa hiyo. Ubaya ni kwamba lile la mifupa lilikuwa kweli.

Avoka akasema hiyo ni akili ya mafuta ya lori. Wazee walishasema, mugeni njoo, mwenyeji apone. Basi mugeni amekuja, na mwenyeji amepona mpaka haonekani tena. Akaichukua picha, akapitisha ukucha kwenye ukingo mweupe unaoizunguka.

— Ona hapa. Pande ine. Hii ndo mipaka. Papa, wewe mwenyewe umewapimia kilima, tena bila munyororo.

Neno hilo lilimchoma Placide mbavuni, maana ukingo ule alikuwa ameukata yeye, kwa mkono wake, akifurahi jinsi ulivyonyooka.

Kilometa naye hakukubali kuachwa nyuma. Akasema wakimaliza vilima watakuja Kadutu. Watangoja misa ya saa ine, watu wote wakiwa kanisani, wapige picha, waandike tupu, na Pasaka itawakuta wote ndani ya ziwa na samaki.

— Mimi kuanzia Jumapili nitasali nje ya mulango.

— Wewe hata sasa unasaliaka nje, Mama Euphrasie akamwambia, akimwongezea kahawa. Lakini muniambie kitu kimoja. Siku ya kulima barabara, kapita, yule nyapara wao, anafika mpaka kitandani na jina lako liko naye. Siku ile hatuko tupu. Ndo nauliza, macho yao wanayaachaka wapi siku zingine?

Hapo hasira ikawa ya benchi zima. Avoka akatoa karatasi na kalamu, akaanza kuandika barua kwa yule mkubwa wa chama: kwamba kilima kile kina watu tangu babu wa babu, kwamba picha ishushwe kabla ya Jumapili. Akamwomba Placide aseme ni watu gani, wako wapi pichani, ili aandike vizuri. Placide akaigeuza picha kifudifudi. Kulikuwa na jambo ambalo hakuwa amelisema.

Wakati huohuo mama yake mwenyewe, Cibalonza, akatokea akishuka kwenda sokoni na mkungu wa ndizi kichwani. Akautua. Wakampa picha, kwa kuwa hakuwa ameiona. Aliigeuza mara mbili, kisha kidole gumba kikatua kwenye mti mmoja mdogo karibu na migomba.

— Huu ni ule niliopanda siku ya kuzika baba yako.

Avoka akaandika upesi: kuna kaburi.

Mama akaendelea kutazama. Akawaambia, polepole kwa Kiswahili chake cha mlimani, kwamba siku ile mwanawe alimwomba azime moto, aingize ng'ombe, aanue nguo, akae ndani asitoe hata kichwa, picha itoke safi kama zile za kalenda kwa bwana wake. Na yeye alikaa gizani, ameziba mdomo wa ndama ili asilie.

Placide alitamani ubao uanguke naye.

— Sikukasirika, mwana wangu. Nauliza tu. Siku ile, mimi nilikuwa ninajificha nisionwe na nani?

Kalamu ya Avoka ikasimama juu ya karatasi. Barua nayo ilikuwa inangoja jibu lilelile. Mama Euphrasie akainamisha birika ammiminie mgeni, likatoa mashapo peke yake. Basi Placide akasimama, akiushika ubao kwa mkono usiinuke, mpaka mama yake alipokaa mahali pake.