Mama Eunice, Lusia na Lile Lambo

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Mlioko Shinyanga mjini, Maganzo na Mhunze, nanyi ndugu zangu wa Katoro na Geita mnaotupata kwa simu, sogeeni karibu. Mimi ni Luka Bujiku. Leo tunamkumbuka Violeth Jilala. Wengi wenu mlimwita Mama Eunice, wa steshenari ya Maganzo. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na minane.

Siku zote mwenzangu Boaz hukaa hapa pembeni yangu. Leo nimemwomba aniachie kipindi peke yangu. Sababu mtaijua.

Mama Eunice alizaliwa Ushirombo, kwa wazazi waliolima pamba. Alisomea kupiga chapa. Akaajiriwa Geita, kwenye ofisi ndogo ya wanunuzi wa dhahabu, akachapa barua zao miaka kumi na mmoja. Kaka yake, mzee Amosi, aliniambia hivi msibani: "Violeth alikuwa anachapa bila kuangalia vidole. Tulimfunika mikono kwa khanga tukibishana kama ataweza. Akachapa barua nzima. Halafu akaniambia, kaka, khanga yako inanuka samaki."

Ofisi ile ilipofungwa, akahamia Maganzo. Akapanga fremu yenye mlango wa bluu pale barabarani, katikati ya broka wa almasi na muuza chipsi. Alitoa kopi. Alichapa barua za wachimbaji, nyimbo za kwaya, ratiba za mazishi. Ratiba yake mwenyewe ilichapwa na binti yake Eunice, kwenye kompyuta ileile.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, wengi mnamjua kwa kopi. Kuna jambo lingine alilolifanya miaka tisa, na hakulipwa. Alifundisha watu kuandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Ni ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuandika ukurasa, na kila mtu anaruhusiwa kuurekebisha. Alianza siku mwanafunzi wa kidato cha pili alipokuja kuchapisha habari za malisho ya Usukuma kwa Kiswahili. Ukurasa ulikuwa na mistari miwili. Mtoto akauliza, "Mama, nyingine ziko wapi?" Jioni ile Mama Eunice akajifunza kuandika mstari wa tatu.

Baada ya hapo, kila Jumamosi alasiri fremu ilijaa wageni. Wageni ndilo neno lake kwa wanaoanza. Walikuja walimu, mama lishe, wachimbaji, vijana wa bodaboda. Kompyuta zilikuwa mbili, wengine walitumia simu zao. Mama Eunice alisimama nyuma ya mgeni, mikono ameikunja mgongoni. Alifanya hivyo makusudi. Alisema akiiachia mikono, itamnyang'anya mgeni kazi.

Na swali lake lilikuwa moja: umejuaje?

Dereva mmoja wa bodaboda, Mwigulu, aliandika kwamba babu yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua duka Maganzo.

"Umejuaje?"

"Babu aliniambia."

"Babu ameandika wapi?"

"Mama Eunice, wewe umekuwa trafiki? Kila neno unalitakia leseni."

"Na wewe umepakia mishikaki. Sentensi moja ina watu wanne. Shusha watatu."

Watu walicheka, na Mwigulu akacheka. Lakini sikilizeni jambo hili. Huo ulikuwa utani wa hoja. Kosa la kuandika, herufi iliyokaa vibaya, hilo Mama Eunice hakulitaja mbele za watu hata siku moja. Alisubiri wengine watoke, kisha alikwambia, "Hapo soma kwa sauti." Unasoma, unaliona mwenyewe, unalirekebisha mwenyewe.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mgeni wake. Nilikwenda Maganzo mwaka juzi, mwezi wa tano, nikitaka mahojiano. Akaniambia, "Kaa kwanza, andika." Nikaandika juu ya soko la Katoro, nilikozaliwa. Nikaandika "balabala". Mtangazaji wa redio, mtu mzima, balabala. Alisubiri mpaka wa mwisho atoke. "Luka, hapo soma kwa sauti." Nikasoma barabara, nikaona nilivyoandika. Nikataka kuingia chini ya meza. Yeye akawa anazima taa ya mashine ya kopi, kama hajaona kitu.

Wasukuma wenzangu mnanielewa. Nyumbani kwetu R hatukuwa nayo. Bibi yangu alisema ledio, alisema lais. Nilipoanza kazi hii, mkuu wangu alinifundisha R mwezi mzima, nikisoma magazeti na penseli mdomoni. Tangu hapo kila nilipoona L niliishuku.

Katika wageni wa mwaka ule alikuwepo Lusia Mayala, wa kijiji cha Mwajigimbi, upande wa Mhunze. Nalisema jina lake kamili. Lusia Mayala. Alikuwa katibu wa kamati ya lambo la kijiji. Kwa walio mbali na kwetu, lambo ni bwawa la kuchimbwa, la kukinga maji ya mvua. Kiangazi kikibana, ng'ombe wetu wanaishi kwa lambo. Lusia alisafiri Jumamosi tatu, na taarifa ya kijiji yenye mhuri ameikunja ndani ya kitambaa, ili akiulizwa umejuaje awe na jibu. Akaandika ukurasa mmoja, sentensi tano.

Mwaka jana mwezi wa nane nilikuwa na kipengele hapa redioni cha vichekesho vya mtandaoni. Siku hiyo sikuwa na kitu. Nikakumbuka kurasa za Maganzo, nikaufungua wa Lusia, nikausoma hewani. Ulisema hivi: "Rambo la Mwajigimbi lilichimbwa na wanakijiji, nalo linanywesha ng'ombe elfu mbili."

Rambo. Mfuko wa plastiki.

Nikasema, na wengi wenu mlinisikia: "Boaz, kuna mama huko Mhunze ana mfuko wa rambo unaonywesha ng'ombe elfu mbili." Boaz akasema, "Hiyo mifuko si ilipigwa marufuku?" Nikasema, "Wao wameuficha kijijini." Tukacheka mpaka tukaweka muziki. Jina la mwandishi nikalitaja, Lusia wa Mwajigimbi.

Mnada wa ng'ombe uliofuata, Lusia akaitwa Mama Rambo. Kijana mmoja akamwambia, "Mama Rambo, niuzie kamfuko kamoja nikanyweshee mbuzi." Mwingine akasema, "Jifiche, afisa mazingira huyo anakuja." Alipokwenda kusoma taarifa ya kamati, watu walicheka kabla hajafungua mdomo. Mwezi wa kumi alirudisha daftari la kamati. Akaacha ukatibu. Kuandika pia akaacha.

Wiki mbili baada ya kipindi kile, Mama Eunice alikuja hapa studio. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti.

"Luka, ule ukurasa wa Lusia. Umefungua historia yake?"

Niwaeleze. Kila ukurasa wa kamusi ile una historia. Ukiifungua unaona nani ameandika nini, siku gani, saa ngapi. Hakuna kinachopotea. Hilo lilikuwa somo letu la kwanza Maganzo.

Nikamwambia, "Mama, ya nini? Neno si liko pale."

"Fungua. Ukishaona, nataka useme redioni ulichokiona."

"Si uniambie tu mama yangu."

"Sikwambii. Utasoma mwenyewe."

Nikamwambia sawa, nitatazama. Nilidhani amekuja kumtetea mwanafunzi wake. Mwezi wa kumi na mbili akanipigia simu, "Umefungua?" Nikasema mtandao ulikuwa mbaya. Haukuwa mbaya, wasikilizaji wapendwa. Mwezi wa pili mwaka huu akaniuliza tena, sauti imekuwa ndogo. Shinikizo la damu lilikuwa limempiga upande mmoja. Nikamwambia, "Wiki hii, mama." Wiki ikapita. Mwezi wa tatu tukamzika.

Nilifungua historia ile baada ya kumzika. Nilikuwa natafuta habari za kusoma kwenye kipindi hiki, habari za kumsifu.

Lusia aliandika lambo. Mara sita ameandika lambo, L, A, M, B, O. Hakukosea hata mara moja. Wiki moja baadaye, Jumamosi, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, mtu amebadilisha zote sita kuwa rambo. Mtu huyo anaitwa LukaWaKatoro. Na pale pa kueleza sababu ya mabadiliko, ameandika: "Nimeondoa Kisukuma."

Ni mimi.

Mama Eunice alitupa zoezi siku ile, kila mtu asome ukurasa wa mwenzake na kurekebisha makosa. Bibi yangu alikuwa akisema lambo. Bibi yangu alikuwa akisema ledio. Nikajumlisha. Nilikuwa sijawahi kuliona neno lile limeandikwa. Nikaondoa L za Lusia, nikaweka R zangu, nikaondoka nimeridhika, na nikasahau. Mwaka mmoja baadaye, nikiwa nimeshajifunza lambo ni nini, nikalikuta kosa langu na nikamcheka nalo mwanamke ambaye hakulifanya.

Kulikuwa na ujumbe pia, kwenye ukurasa wangu wa majadiliano, pale ambapo wenzako wanakuandikia. Ulikaa pale tangu siku ile ya zoezi. Sikuwa nimewahi kuufungua. Nausoma: "Luka, asante kwa kusoma kazi ya mwenzako kwa makini. Neno lambo liko sahihi, muulize Lusia atakueleza. Nakuachia ulirudishe mwenyewe. Mama E."

Aliniachia. Rambo ikakaa pale kwa sababu mama yule aliamini mgeni atarudi kulirekebisha kosa lake. Asubuhi baada ya kipindi chetu ndipo alipolirudisha yeye, saa kumi na mbili na nusu. Eunice aliniambia mama yake alijilaumu kwa hilo mpaka kitandani. "Alikuwa anasema, mikono yangu ingefunguka siku ileile, Lusia asingechekwa. Nikamuuliza, mama, aliyeharibu ni nani? Akakataa kusema. Akasema, ni mgeni wangu."

Mimi nimemzika na jina langu mdomoni mwake.

Jumanne iliyopita nilikwenda Mwajigimbi. Nilimkuta Lusia anapepeta mtama. Nikamweleza yote, nimesimama. Akaendelea kupepeta.

"Mama Eunice aliniambia siyo mimi niliyekosea," akasema. "Nikadhani ananifariji tu. Vidole vyangu vizito, baba, na simu yangu imepasuka kioo. Nikasema labda ni mimi kweli. Nikamuuliza, basi ni nani? Akasema atakuja mwenyewe."

Nikamwomba msamaha. Akaweka ungo chini.

"Ulipokuwa unanicheka, ulikuja kuninong'oneza hapa kwangu?"

"Hapana mama."

"Basi na hili usininong'oneze. Mama yule alikuficha. Wewe usijifiche."

Nikamwomba aje hapa studio, aseme mwenyewe. Alikataa. Alisema redio imeshamtosha. Nikamuuliza kama ataandika tena, na kama atarudi kwenye kamati. Alisema katibu mpya yupo, anafanya kazi vizuri. Kuhusu kuandika, aliinuka akaenda mtungini. Alinipa maji ya kunywa, nikanywa, nikaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, familia ya Jilala inatusikiliza. Mzee Amosi, shikamoo. Dada Eunice, poleni. Poleni nyumba nzima, na wageni wote waliopita kwenye ule mlango wa bluu. Mungu ampumzishe Violeth Jilala, Mama Eunice. Nilitakiwa niyaseme haya yeye akisikia. Alinipa miezi saba. Mungu anisamehe.

Nawaomba mfikiri jambo moja leo usiku mkizima redio. Kuna mtu mliyemcheka kwa kosa lake. Je, mliwahi kuangalia lilitoka wapi?

Na ninyi wa Mhunze, ninyi wa mnadani, nina ombi kwenu. Lusia Mayala aliandika sawasawa. Aliyeandika rambo ni Luka Bujiku wa redio hii. Wiki ijayo siku ya mnada nitakuja, nitapita katikati ya ng'ombe, kila mtu anione. Lile jina mlilompa, mvueni. Mkiliona zuri sana kulitupa, niiteni mimi. Nitaitika.