Pampu Iko kwa Antonia

EVELYNE: Haloo? Naongea na nani?

TADEO: Tadeo wa Sigino hapa. Baba Hilaria. Ndiwe bibi shamba?

EVELYNE: Ndiye mimi, Evelyne. Shikamoo mzee.

TADEO: Marahaba. Za hapo Babati mjini?

EVELYNE: Nzuri. Mzee, nisamehe, Jumanne sikufika. Pikipiki ya ofisi haina mafuta, na kata ninazo tatu—

TADEO: Jumanne zimekuwa nyingi sasa. [mikwaruzo] Ila ujumbe wako niliupata. Nimepanda huku kilimani kwenye mtandao nikuulize kitu.

EVELYNE: Ule wa viwavijeshi?

TADEO: Huo huo. "Pigeni dawa haraka, asubuhi au jioni." Nikawasomea wenzangu kwenye jumuiya Jumamosi, maana wengi hawana simu. Mimi nikaanza jioni ile ile.

EVELYNE: Safi sana. Wamekufa?

TADEO: Wadudu wapo, wanakula tu. Mahindi ndiyo yanageuka njano.

EVELYNE: Njano inaanzia wapi?

TADEO: Moyoni, kwenye majani machanga. Nikadhani labda nimepunja, nirudie—

EVELYNE: Usirudie. Mzee, ulipiga dawa gani?

TADEO: Dawa. Si uliandika dawa?

EVELYNE: Niliandika, lakini ipi? Ulinunua wapi?

TADEO: Sikununua. Nilikuwa nayo ndani, ilibaki tulipo— [mikwaruzo]

EVELYNE: Unakatika.

TADEO: Nasema ilibaki tulipoandaa shamba. Ile iliyokausha majani yote, hata sangari, lile gugu sugu. Nikasema kama sangari imekufa, mdudu atapona wapi?

EVELYNE: [kimya]

TADEO: Haloo? Upo?

EVELYNE: Nipo. Mzee, hiyo ni dawa ya magugu. Inaua mmea. Kiwavi haimgusi.

TADEO: Lakini nayo uliiita dawa. Mwezi wa kumi na mbili ulisimama shambani kwangu ukasema, "Piga dawa."

EVELYNE: Nilisema. Umepiga shamba lote?

TADEO: Eka mbili zote. Na mbaazi zilizo katikati ya mistari.

EVELYNE: Jamani, Baba Hilaria.

TADEO: Yatarudi?

EVELYNE: Hapana, mzee. Hayatarudi.

TADEO: Hata mbaazi?

EVELYNE: Hata mbaazi. Nani mwingine ameshapiga?

TADEO: Bado. Pampu ni moja kwa jumuiya nzima, inazunguka kwa zamu. Leo asubuhi nimeikabidhi kwa— [mikwaruzo]

EVELYNE: Kwa nani?

TADEO: Antonia. Yule mjane wa kule bondeni. Na dawa iliyobaki nimemmiminia kwenye chupa.

EVELYNE: Ana simu?

TADEO: Angekuwa na simu ningemsomea ya nini?

EVELYNE: Kutoka hapo hadi kwake ni mwendo gani?

TADEO: Nusu saa, njia inazunguka korongo. Na goti langu hili, zaidi.

EVELYNE: Basi anza kuteremka huku tunaongea. Na mimi nachukua bodaboda sasa hivi, kwa hela yangu. Ningefanya hivyo tangu Jumanne ile ya kwanza.

TADEO: Sasa watu niwaambie nini?

EVELYNE: Waambie nilikosea mimi. Niliandika nusunusu. Nitajeni kwa jina, sitakataa.

TADEO: Wewe hawakujui, mwanangu. Sauti waliyoisikia ni yangu.

EVELYNE: Mzee, ujumbe huo huo niliutuma kata ya Mutuka. Na Singe.

TADEO: Na kule watakuwa na msomaji wao kama mimi.

EVELYNE: Naogopa, mzee. Nawaandikia sasa hivi, nitaje dawa yenyewe—

TADEO: Hao waandikie. Sisi njoo.

EVELYNE: Nakuja. Hapo ulipo, shamba la Antonia linaonekana?

TADEO: Linaonekana. Na yeye namwona. Pampu iko mgongoni.

EVELYNE: Ameanza?

TADEO: Nimemwita, hasikii. [mikwaruzo] Yuko mstari wa tatu. Wa nne sasa. Ni mchapakazi sana yule mama.

EVELYNE: Teremka, mzee. Acha simu, teremka.

TADEO: Haya, salio lenyewe linaish—

EVELYNE: Mzee? Baba Hilaria?