Mama Chuma, Mpima Madini wa Kiwanda cha Unga

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya saba, na wa kwanza kwa ubishi. Mdogo wake anayewasomea wasifu huu alibebwa mgongoni mwake hadi umri wa kuona haya.

Alianza shule mwaka 1965 akaishia darasa la saba. Hesabu alikuwa moto, ila mwandiko wake ulikuwa kama kuku kaparua.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kusaga unga, kwanza kushona magunia, baadaye kuendesha mashine. Hapo alikutana na seremala aliyeitwa kutengeneza mlango mmoja, akautengeneza wiki tatu. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981, wakajaliwa binti mmoja tu.

Binti huyo alipokuwa mjamzito, hakuweza kupanda ngazi tatu bila kuketi. Midomo ilimpauka, mchana kutwa analala. Marehemu, akirudi hoi kutoka kazini, alimwambia, "Uvivu huo! Mimba si ugonjwa, inuka." Tarehe 9 Agosti 2004 binti alijifungua mtoto wa kike. Damu ikamtoka, nayo ilikuwa haba tangu mwanzo. Hakufika jioni. Mkunga alisema upungufu ule wa damu ulikuwa wa miezi mingi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka 2007 kiwanda kilianza kuchanganya madini ya chuma kwenye unga ili kuwakinga watu na upungufu wa damu. Marehemu mwenyewe aliomba kazi ya kuyapima. Balaa likawa neno lenyewe. Wateja waliposoma "chuma" kwenye mfuko, walidhani mashine inalika na vipande vyake vinaingia kwenye unga. Mpishi mmoja wa shule alikuja na sumaku, akaipitisha ungani, ikatoka na vumbi la kijivu.

"Haya, mama, si hiki hapa? Mnatulisha misumari!"

Marehemu akaichukua ile sumaku, akailamba mbele ya foleni nzima ya wateja. "Hiki ndicho alichokosa mwanangu," akasema. Mpishi akaomba mifuko miwili. Jina la Mama Chuma lilianzia hapo, na kwa miaka kumi aliyobaki kazini hakuna gunia lililotoka bila kupimwa. Kazi hiyo ilimchosha, na hakutaka kusaidiwa.

Moyo ulianza kumsumbua Februari 2023. Tulipokezana hospitalini mpaka tukachoka, tuseme ukweli, naye akachoka kutuona tumechoka. Alifariki tarehe 21 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, wadogo wanne na mjukuu mmoja wa miaka kumi na tisa, aliyemlea tangu siku ya kwanza. Sifa alitukataza. Aliagiza maneno machache tu yasomwe, mjukuu huyo akiwa mstari wa mbele, kwa sababu yeye mwenyewe alijaribu miaka yote, asiweze kuyatamka:

"Mama yako hakuwa mvivu. Alikuwa mgonjwa, na mimi sikuona."

Yamesomwa, dada. Sasa pumzika.