Tatu Nane na Moja Mwishoni

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

MWALIMU: Mimi. Usikate!

FUNDI: Mimi nani? Nina sare za watu mezani.

MWALIMU: Mume wako wa— wa zamani. Za cherehani?

FUNDI: Inashona. Umekwama wapi?

MWALIMU: Niko hapa shuleni, koridoni. Mkaguzi wa somo la hesabu yumo ukumbini, walimu wamejaa. Nilikuwa nawaonyesha zile namba zetu.

FUNDI: Zangu. Ulichukua daftari langu siku uliyonifukuza.

MWALIMU: Tuyaache hayo, nina dakika tano! Thelathini na moja, namba tasa. Mia tatu thelathini na moja, tasa. Unaongeza tatu mbele, bado haigawanyiki. Daftari linaishia kwenye tatu saba mfululizo na moja mwishoni. Mkaguzi kaniuliza, je, tatu nane?

FUNDI: Ukasemaje?

MWALIMU: Tasa. Akaniambia nikapime kwanza, nirudi niape mbele ya wote. [Mkwaruzo.] Haloo? Haloo!

FUNDI: Nipo. Umepima?

MWALIMU: Kwa tatu, saba, kumi na moja, kumi na tatu. Zote zinabakiza.

FUNDI: Ukaachia hapo.

MWALIMU: Mkaguzi ananisubiri! Wewe uliimaliza, nakujua. Kuna ukurasa umechanwa. Ni tasa au siyo?

FUNDI: Tangu lini unapima kabla ya kuita kitu tasa?

MWALIMU: Unamaanisha—

FUNDI: Mbele ya dada zako uliniita nani?

MWALIMU: Jamani, si leo...

FUNDI: Na karatasi ya daktari uliyoificha chini ya godoro, ilikuwa na jina la nani?

MWALIMU: [Ananong'ona.] Langu.

FUNDI: Sikusikii. Mtandao.

MWALIMU: Langu! Jina langu! Wananiita ndani, nakupigia magoti...

FUNDI: Ni tasa.

MWALIMU: Kweli?

FUNDI: Kaape.

MWALIMU: Mungu akuweke! Nitakupigia—

[Simu inakatika. Fundi anapiga nyingine.]

MKAGUZI: Haloo? Nani? Niko kikaoni.

FUNDI: Yule fundi aliyekuja ofisini kwako Jumatatu.

MKAGUZI: Aa, uliyeniambia nimuulize tatu nane! Ndiyo kwanza ameapa. Kainua na mkono.

FUNDI: Amemaliza?

MKAGUZI: Amemaliza, wanampigia makofi.

FUNDI: Sasa igawe kwa kumi na saba.

MKAGUZI: Ngoja... [Anaandika.] Milioni kumi na tisa, laki sita na elfu saba, mia nane arobaini na tatu. Lo! Hakuna baki, mama.

FUNDI: Iandike ubaoni. Na simu usikate, iache mezani. Nataka kusikia wanavyomcheka.

MKAGUZI: Haya.

[Chaki. Viti vinasogezwa.]

FUNDI: Haloo? Mbona kimya? Hawacheki?

MKAGUZI: Hakuna anayecheka. Amekaa chini, mama. Sakafuni. Anataja... sijui anamtaja nani. Mke wake?

FUNDI: Hana mke.

MKAGUZI: Kumbe ni wewe! Anasema kazi ni yako, na kwamba alikusingizia utasa. Nimpe simu?

FUNDI: Sogeza simu karibu naye, arudie. Polepole. Dada yake mkubwa anafundisha hapo, naye asi— alaa, salio hili! Mwambie arudie kwa sau—